Maziwa ya Tukuyu

Maisaka, Babati
Saa kumi jioni

Mwanangu Atupele,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeona niitikie mapema, maana ukishamaliza kusoma karatasi hizi huenda shikamoo yako ikachelewa kuja, na mimi nimeizoea.

Umetoka sasa hivi na rafiki yako Zuhura kwenda Bagara kumuaga shangazi yako. Namjua dada yangu. Hatawaachia kabla hamjala, na akishawalisha atawaombea, na sala yake ina vituo vingi kuliko basi la Dodoma. Kwa hiyo nina kama saa tatu. Kunguru yuko hapa nje ya dirisha, amepakiwa mizigo hadi kwenye vioo, amekaa chini kwa nyuma kama kuku anayetaga. Gari jeusi lenye mlango mmoja mweupe, na ni wewe uliyelipa jina hilo siku fundi wa hapa Maisaka alipolirudisha na mlango wa gari jingine. Kila nikilitazama nageuza macho.

Sitakuandikia habari za oili, wala upepo wa matairi, wala kwamba usiendeshe ukiwa na usingizi. Zuhura anajua gari kuliko mimi, na simu yako inajua barabara kuliko sisi wote. Isitoshe, wewe ni mwalimu sasa, unakwenda Zomba kuwafundisha watoto wa Malawi Kiswahili, na Mungu awasaidie ukiwafundisha kile ulichojifunza kwa bibi yako wa Dareda. Wiki tatu za kuzunguka nchi ya watu kabla shule haijafunguliwa, mji kwa mji, kijiji kwa kijiji. Mmepanga vizuri. Nimeusoma mpango mliobandika kwenye friji. Siku ya tano mmeandika neno moja tu: "Tutaona." Nilisimama pale nikalisoma mara tatu. Kwenye mpango wangu mimi hapakuwa na tutaona. Siku ya tano ilikuwa na chai, Chitimba, saa nne na robo.

Daftari lile unalijua, lile la kaunta lenye jalada jekundu ambalo sasa limekuwa rangi ya tofali. Mimi na mama yako tuliliandika kwa miaka minne. Ujue mwalimu wa jiografia ambaye hajawahi kuvuka mpaka wowote ni kama kinyozi mwenye kipara, watu wanamkalia kitini lakini kwa mashaka. Maziwa makuu yote ya Afrika nilikuwa nimeyaona ukutani. Mama yako, fundi cherehani aliyeishia darasa la saba, alikuwa ameoga ndani ya Ziwa Nyasa tangu hajaota meno ya pili.

Yeye alizaliwa Kyela, na bibi yake aliletwa kuolewa pale kutoka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. "Ni mto tu umepita katikati," alikuwa akiniambia. "Lugha ni ile ile, ndizi ni zile zile. Ukisalimia mugonile, mtu anaitika." Bibi yake alimsimulia nyumba ya matofali karibu na maji, na ndugu waliobaki, na yeye hakuwahi kuiona. Alichotaka ni kwenda kwa gari, polepole, tukisimama popote roho inapopenda, tununue samaki barabarani, tulale mji ambao hakuna anayemwita Mama Atu. Karonga kwanza. Halafu tushuke na ziwa hadi nchi itakapoishia.

Jioni yeye akiwa kwenye cherehani, mimi nilitandaza ramani mezani na kupima barabara kwa uzi wake. Naulaza uzi juu ya barabara, kona kwa kona, kisha naunyoosha kwenye kipimo cha ramani. Kila mji tulifunga fundo: Karonga, Chitimba, Mzuzu, Nkhata Bay, Nkhotakota, Salima, Dedza, Zomba. Uzi wenyewe bado umo ndani ya daftari, na najua umeuona, kwa kuwa umeurudisha ukiwa umekunjwa vizuri kuliko nilivyouacha.

"Baba Atu," aliniambia siku moja bila kuinua macho, "uzi huo ungeshashona sketi tatu."

"Safari inataka maandalizi."

"Safari inataka kuondoka."

Nilicheka. Mama yako alikuwa akisema mambo kama hayo huku ameuma pini mdomoni, na mimi nikidhani ni utani.

Sasa nikuambie habari ya gari. Nililinunua kwa mzee mmoja wa Kibarbaig kule Katesh, Mzee Gidabasa, aliyeuza ng'ombe kadhaa akalinunua kwa kushawishiwa na vijana wake. Alikaa nalo mwaka mmoja. Siku ananikabidhi funguo nilimuuliza kwa nini analiuza, lina ubovu gani. Akasema, "Halina ubovu, Mwalimu. Nimelitazama mwaka mzima, halizai."

Kadi ya gari ilikuwa na jina lake. Ilitakiwa mimi na yeye tuonane, asaini, nisaini, tuipeleke ofisi ya mapato, jina libadilishwe. Basi. Lakini unajua sisi tulivyo. Nusu ya magari ya mji huu yanatembea kwa majina ya watu wengine, mengine ya marehemu, na hakuna anayekosa usingizi. Katesh si mbali, unakwenda asubuhi na chakula cha mchana unakula kwako. Nilisema nitakwenda Jumamosi. Moja ilikuwa ya mvua, moja ya harusi, moja ya kikao cha shule, nyingine sikumbuki zilikuwa za nini. Nilikuwa najua umbali wa kutoka Mzuzu hadi Nkhata Bay kwa uzi, na Katesh sikwenda.

Mama yako aliniuliza mara tatu. "Kadi umebadilisha?" Mara ya kwanza nikasema bado. Ya pili nikasema Jumamosi. Ya tatu nilikuwa nimeinama kwenye ramani, uzi nimeushika kwa vidole viwili usiteleze, nikasema, "Nimeshabadilisha." Sikuwa na hila yoyote, mwanangu. Nilikuwa mvivu wa kuinua kichwa.

Tuliondoka likizo ya Juni, wewe ukiwa na miaka kumi. Barabara ya Kondoa bado ilikuwa ya vumbi, Dodoma tulifika wote watatu tukiwa rangi moja na gari. Ulikuwa unauliza "tumefika?" kila kilima, hadi mama yako akakupa kazi. Alikukabidhi mfuko wa nailoni wenye pasipoti zetu mbili na ile karatasi yako ya kusafiria, akasema wewe ndiye mtunza nyaraka. Ulikaa nao mapajani kutwa nzima, na hata ukienda chooni mama yako ilibidi asimame mlangoni akushikie kwa masharti kwamba asiufungue.

Tukuyu tulisimama. Mama yako alinunua ndizi, na kikombe cha plastiki cha maziwa ya mgando kwa ajili yako. Tukaondoka unakunywa. Hapa kuna jambo ambalo wewe huna kwenye kumbukumbu zako, kwa kuwa ulikuwa nyuma na hukuona: nilikuwa nimeweka daftari juu ya usukani natafuta muda wa kufika mpakani Kasumulu, na tuta la barabarani sikuliona. Tukaruka. Maziwa yakamwagika juu ya mfuko, na mfuko ulikuwa wazi. Karatasi yako ililowa pembeni, wino ukavuja kidogo. Uliifuta kwa pindo la gauni. Mama yako aliinusa akacheka, "Sasa itanukia nyumbani."

Pale Kasumulu wewe na mama yako mlikaa kwenye benchi nje, mimi nikaenda dirishani na nyaraka. Mzee wa uhamiaji aliishika karatasi yako kwa ncha za vidole.

"Huyu mtoto kasafiri na ng'ombe?"

"Kasafiri na baba yake," nikasema.

Akacheka. Akaiweka juu ya pasipoti zetu, tayari kugonga mihuri, akasema nimalizane kwanza na wa forodha. Soma tena sentensi hiyo, Atu. Karatasi yako aliikubali.

Wa forodha alikuwa kijana. Akaomba kadi ya gari, akaisoma, akanitazama.

"Wewe ndiye Gidabasa?"

"Hapana. Gari ni langu, nililinunua kwake."

"Kadi haisemi hivyo, Mwalimu. Unayo barua yake ya kukuruhusu kuvuka na gari? Iliyopita kwa wakili?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa na daftari la kaunta lenye saa za chai. Nikamwonyesha, amini usiamini. Alilifunua kurasa mbili, kwa heshima kabisa, akanirudishia.

"Watu mnaweza kuvuka," akasema. "Gari ndilo haliwezi."

Kutoka dirisha lile hadi kwenye benchi lenu ni hatua kama ishirini. Nimezitembea tena na tena tangu siku hiyo, darasani nikiwa nimewapa wanafunzi zoezi, kanisani wakati wa mahubiri, barabarani nikienda Nakwa kununua mahindi. Mama yako alikuwa amevaa kitenge cha bluu alichojishonea kwa ajili ya Karonga, alikitoa begini asubuhi ile na kukipiga pasi kwa kiganja. Akaniona uso.

"Vipi?"

"Imeshindikana."

"Nini kimeshindikana?"

Nikitaja kadi, atakumbuka ile jioni ya uzi. Hilo tu ndilo nililoliona, kwamba atanitazama na kukumbuka. Nikashusha macho, na macho yalipofika chini yakakukuta wewe, gauni lina doa la maziwa.

"Karatasi ya Atu," nikasema. "Maziwa yameiharibu. Hawaikubali."

Hakukukemea. Alikuvuta kwake, akawa anatazama daraja. Watu walikuwa wanapita na vikapu vyao, mwanamke mmoja na kuku wawili kwapani. Halafu akasema, taratibu kama mtu anayejisemea, "Ingekuwa tatizo ni gari, tungeliacha hapa tukavuka kwa miguu. Karonga si mbali."

Nilikuwa na nafasi, Atu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa, kwa mdomo wake. Ningesema maneno mawili tu, "ni gari," angenisema njia nzima hadi katikati ya daraja, na upande wa pili angekuwa anacheka. Jioni ile ile angeingia Karonga na kitenge chake. Sikufungua mdomo. Ukishasema mtoto hawezi kuvuka, hakuna anayevuka.

Wewe hukulia. Ulimpa mama yako mfuko wa nyaraka ukasema, "Mama, hii kazi mpe mtu mwingine." Usiku Mbeya, kwenye nyumba ya wageni, nilikukuta bafuni unaisugua karatasi kwa sabuni ya kufulia. Nilikuchukua nikakulaza. Nilikuambia si neno, nimekusamehe. Nilisema hivyo, mwanangu, kwa kinywa hiki.

Tulikubaliana tutarudi mwakani. Mwakani ikawa figo. Mwaka uliofuata ilikuwa figo pia, na safari zetu zikawa za hospitali, na Kunguru akazijua kona zote za huko. Uliingia kidato cha kwanza Januari, mama yako tukamzika Machi. Hayo unayajua. Usilolijua ni la wiki ya mwisho, wewe ukiwa shuleni. Alikuwa amelala upande, nikadhani amesinzia.

"Baba Atu. Yale maziwa."

"Maziwa gani?"

"Ya Tukuyu. Mtoto ameyabeba. Mwambie asiyabebe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumamosi," nikasema. Ulimi ulijisemea wenyewe kwa mazoea.

Akatabasamu. Hadi leo sijui kama alikuwa ananitabasamia kwa kuwa alijua. Alijua mambo mengi na kuyashonea kwa ndani, mahali pasipoonekana. Lakini huenda hakujua, huenda alikuwa ananionea huruma tu, na hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi.

Mwezi mmoja baada ya maziko nilikwenda Katesh. Nilimkuta Mzee Gidabasa zizini. Akanipa pole, akanipa kiti, akanipa maziwa, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama anayeulizia mgonjwa, "Gari bado halijazaa?" Alipanda nami hadi mjini, akasaini, nikasaini. Asubuhi moja tu. Saa saba mchana nilikuwa nimesimamisha gari nje ya nyumba hii, hati za kubadilisha jina ziko mapajani, na sikuweza kushuka.

Ungeweza kuniuliza kwa nini sikukuambia basi, miaka kumi na moja hii. Jumamosi zinapita, Atu. Na mtu akikaa na jambo muda mrefu huanza kudhani limekwisha lenyewe. Niliona hunywi maziwa, nikajiambia huyapendi. Shangazi yako akikutania kwamba hajawahi kuona Mgorowa anayekataa maziwa, nilikuwa nacheka pamoja naye mezani.

Ila Jumatano nilikuwa koridoni nimeshika pampu ya matairi, nanyi mmekaa kwenye mkeka mnapanga nyaraka. Ulikuwa unazifunga kwa mfuko wa tatu.

"We Atu, unazifunga au unazizika?" Zuhura akakuuliza.

"Ziache. Mimi ndiye niliyemrudisha mama pale mpakani. Safari hii hata ziwa lije barabarani, hazilowi."

Ukacheka. Zuhura hakucheka. Ukaendelea, "Yote hii ni safari yake. Namlipa." Na ukaweka kile kitenge cha bluu juu kabisa ya begi, ili kiwe cha kwanza kutoka.

Nilirudi nje kimya kimya nikajaza upepo tairi ambalo lilikuwa limejaa tayari.

Ndiyo maana naandika. Umeipenda nchi ya watu miaka miwili kwenye simu yako, umechora njia, umetafuta mpaka majina ya ndugu wa Karonga, na nilidhani ni furaha. Kumbe sehemu yake ni adhabu unayoitumikia kwa niaba yangu. Huna deni kwa mama yako. Nenda kwa sababu kuna ziwa, na samaki wa kukaanga barabarani, na siku ya tano mtaona.

Uliniomba nikusindikize hadi Kasumulu, nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Hakuna mitihani. Sikuweza kusimama kwenye dirisha lile ukiwa pembeni yangu. Sikuombi sasa nafasi kwenye gari. Nilitaka tu ujue kwamba mitihani haipo.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi ya Kunguru. Zile karatasi nilizokusainisha mwezi uliopita nikisema ni za bima hazikuwa za bima. Ni uongo mwingine, na ningependa uwe wa mwisho, ila nimeshakuonyesha ahadi zangu zilivyo. Soma jina lililoandikwa. Pale dirishani wakikuuliza gari ni la nani, hutahitaji barua ya mtu.

Nilifikiria kuificha barua hii chini ya nguo zako uisome ukiwa Iringa, mbali na mimi. Wazo lilikuja haraka na lilikuwa tamu, kwa hiyo nikalijua ni langu la siku zote. Nitakupa mkononi ukirudi, kabla ya chakula. Halafu nitakaa nje kwenye ngazi, karibu na gari. Ukitaka kuja kunisema, njoo, nitasikiliza hadi mwisho. Ukitaka kwenda kulala bila neno, nenda, na kesho asubuhi geti utalikuta nimelifungua.

Nina ombi moja la safari, na unaweza kulikataa. Mkifika Tukuyu, simama. Wale akina mama wauza maziwa bado watakuwepo na vikombe vyao. Nunua kimoja. Kaa kwenye kiti cha nyuma, upande wako ule, mfuko wa nyaraka mapajani, na Zuhura asiliondoe gari mpaka umalize. Kunywa taratibu. Yakimwagika, yaache yamwagike.

Nasikia geti. Zuhura anasimulia kitu, na wewe unacheka kama mama yako, kwa kuanza kabla ya wenzako.

Leo ni Jumamosi, Atu. Mama yako nilimwambia Jumamosi.

Baba yako